Kwa wanaotengeneza programu za kompyuta: mkono wa keshia unakumbuka kitufe kilipo, tusivihamishe ovyo

FundiWaKirumba — #1

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu. Nauandika kwa wenzangu wanaotengeneza programu za kompyuta za mezani: za maduka, maghala, famasi, SACCOS, shule. Za simu naziacha, zina mambo yake.

Huu ni mwaka wa tisa naandika programu ya mauzo na stoo. Mwezi uliopita nilikaa siku tatu kwenye duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza linaloitumia. Sikwenda kurekebisha kitu. Nilivuta stuli nikakaa nyuma ya keshia na daftari, nikawa naandika kila anachobofya.

Siku ya kwanza, hata saa sita haijafika, nikaona jambo lililoninyima usingizi. Mteja alikuwa amechukua mzigo wa nyumba nzima: bati geji 30, misumari, nondo za milimita 12, saruji, mabomba. Ankara ilifika mistari ishirini na kitu. Keshia akamaliza kuingiza, mteja anahesabu noti, foleni imefika mlangoni. Dada akapandisha kipanya kwenda Hifadhi, akabofya Futa.

Vitufe hivyo viwili niliviweka mimi mwenyewe bega kwa bega, kila kimoja pikseli 24 (pikseli ni vile vinukta vidogo vya skrini), rangi moja, na kati yao hapakuwa na nafasi hata ya unywele. Ankara yote ikapotea. Kidirisha cha "Una uhakika?" kilitokea, naye akabofya Ndiyo bila kusoma, kwa sababu kidirisha hichohicho humtokea hata anapohifadhi. Kutwa anakijibu Ndiyo. Akageuka akaniambia, "Samahani kaka, nimekosea." Kisha akaanza upya, bati kwanza.

Hakukosea. Kosa lile nililichora mimi kwenye skrini miaka tisa iliyopita na kila siku lilikuwa linamsubiri mtu.

Makosa ya namna hii yalishachunguzwa kabla hata kompyuta hazijawa na skrini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za B-17 za Marekani walikuwa wanatua salama, halafu ndege ikiwa bado kwenye njia ya kurukia rubani anakunja magurudumu, ndege inalalia tumbo. Alichotaka kukunja ni flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipoingia kwenye chumba cha rubani alikuta swichi ya magurudumu na ya flapu zinafanana na zimepangwa jirani. Dawa yake ilikuwa kuweka kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi ya magurudumu, na ya flapu ikapewa umbo la kabari, ili kidole kitambue kabla jicho halijaangalia. Marubani walibaki walewale. Kilichobadilika ni swichi.

Kwenye skrini kidole hakina cha kupapasa. Tulichonacho ni mahali kitu kilipo, ukubwa wake, na neno lililoandikwa juu yake. Kwangu mimi mahali ndiyo kubwa kuliko vyote, na ndicho tunachokichezea zaidi.

Kuhusu ukubwa na umbali, Mmarekani Paul Fitts alilipima hilo mwaka 1954. Aliwapa watu kalamu ya chuma wagonge vibao viwili vya chuma kwa zamu, haraka iwezekanavyo, akawa anabadilisha upana wa vibao na umbali kati yake. Kibao kikiwa chembamba na mbali, mkono unachelewa. Kikiwa kipana na karibu, unawahi. Mpaka leo kanuni hiyo inashika kwa kipanya. Na ina zawadi moja ambayo wengi wetu hatuichukui: ukingo wa skrini. Mshale ukifika ukingoni unasimama, hata ukisukuma kwa nguvu zote. Kwa hiyo kitufe kilichogusa ukingo ni kama hakina mwisho upande ule, huwezi kukipita. Ndiyo maana Apple kwenye Macintosh ya 1984 waliweka menyu juu kabisa ya skrini, haikuning'inia ndani ya kila dirisha.

Sasa tazameni nilichokuwa nimefanya. Programu yangu inajaza skrini nzima, na kitufe cha Lipa kiko pembe ya chini kulia. Pembe ndiyo mahali rahisi kuliko pote kupafikia, unasukuma kipanya tu bila kuangalia. Lakini nilikuwa nimeacha ukanda wa pikseli nne kati ya kitufe na ukingo, kwa ajili ya urembo. Keshia anasukuma mpaka mwisho, anabofya, hakitokei kitu, anarudi nyuma kidogo, anabofya tena. Nilimhesabia asubuhi nzima akifanya hivyo, naye hajui kama anafanya. Windows 95 ilikuwa na kasoro kama hiyo kwenye kitufe cha Start. Niliziondoa zile pikseli nne usiku uleule. Kesho yake aliniuliza kama nimeongeza kasi ya kompyuta.

Nikirudi kwenye daftari: upau wa juu, yaani ule mstari wa vitufe juu ya skrini, ulikuwa na vitufe 27. Kwa siku tatu keshia aligusa sita. Vingine niliviweka kwa sababu kila mwenye duka aliyeomba kitu alitaka akione kimewekwa juu, nami nikaona ni heshima kumwekea.

Ugonjwa huu hauko kwetu peke yetu. Word ya kwanza ya Windows ya mwaka 1989 ilikuwa na pau mbili za zana. Word 2003 ilikuwa na pau zaidi ya 30 na amri zaidi ya 1,500. Microsoft walipokusanya takwimu za watumiaji waliokubali kuzituma, kama alivyoeleza Jensen Harris aliyeongoza usanifu wa mwonekano wa Office 2007, waliona amri tano tu, yaani kubandika, kuhifadhi, kunakili, kutendua na kukoza herufi, zinabeba karibu asilimia 32 ya kazi yote. Kubandika peke yake ilipita asilimia 11. Fungueni Word ya 2007: kitufe cha kubandika ni kikubwa kuliko jirani zake, na kiko mwanzo kushoto. Hakikufika pale kwa bahati.

Nilichofanya ni hiki. Upau sasa una vitufe saba, kila kimoja kina picha na neno. Hifadhi iko kushoto. Futa nimeiondoa kwenye upau kabisa, iko ndani ya menyu ya Ankara, chini kabisa, imetenganishwa kwa mstari. Kidirisha cha kuuliza nimekiondoa. Ankara ikifutwa inakwenda kwenye kapu la zilizofutwa na chini panatokea mstari wenye kitufe cha Rudisha. Mengine yote yako kwenye menyu, kila kitu mahali pake pamoja na ufunguo wake wa kibodi.

Ila nilipopeleka toleo hilo, yule dada siku mbili za kwanza alikuwa anapeleka mkono mahali pa zamani. Aliniambia, "Kaka, kitufe kilikuwa hapa." Mkono wake ulikuwa unajua, mimi ndiye nilimhamishia. Hapo ndipo nataka tujadili. Nyinyi mnapangaje, na mnabadilishaje bila kuwatesa watu?

---

MzeeWaLeja — #2

Asante sana kijana kwa kukaa kwenye hiyo stuli. Mimi ni mhasibu, nimestaafu, nimetumia programu za hesabu tangu enzi za DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta wa maandishi matupu. Kwa miaka mingi hatukuwa na kipanya. F2 ankara mpya, F5 tafuta mteja, F10 hifadhi. Wino mweupe, skrini nyeusi. Ukimwangalia karani aliyezoea, alikuwa anaingiza ankara huku anaongea na simu, macho yako kwenye karatasi.

Kisha ikaja Office 2000 na menyu zinazojikunja. Ukifungua menyu unaona vitu vichache ulivyotumia karibuni, vingine vimefichwa mpaka usubiri au ubofye vishale vya chini. Waliotengeneza walidhani wanatusaidia. Nakumbuka kila mwisho wa mwezi natafuta amri ninayoitumia mara moja kwa mwezi, nayo kwa sababu naitumia mara moja imefichwa. Na zile ninazoziona leo, kesho ziko mstari mwingine. Unasoma menyu upya kila siku kama vile ni mgeni ofisini kwako mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu: funguo za kibodi usiziguse kamwe, hata ukihamisha vitufe. Mtu aliyezoea F10 ataendelea na F10 wakati macho yake yanajifunza mpangilio mpya.

---

mtu_wa_kawaida — #3

Naweka kambi hapa. Uzi umeshiba.

---

Kibodi_ya_Nakuru — #4

Habari wadau. Mimi niko Nakuru, nimetengeneza programu ya shule za msingi na sekondari: karo, alama, mahudhurio. Mwalimu wetu chuoni alitufunza kwamba menyu isizidi vitu saba kwa sababu akili ya binadamu inabeba vitu saba, kuongeza au kupunguza viwili. Naona hata wewe umeishia saba. Nimejitahidi kuifuata, lakini nina ripoti 14. Nimezigawa kwa menyu ndani ya menyu ndani ya menyu, na walimu wakuu wananipigia simu kila mwisho wa muhula wakiuliza ripoti ya karo iko wapi. Nimekosea wapi?

---

FundiWaKirumba — #5

Mzee shikamoo. Hilo la funguo nalichukua jinsi lilivyo. Kwenye toleo jipya sikuzigusa, lakini ilikuwa bahati tu. Sasa itakuwa sheria.

Ndugu wa Nakuru, saba zangu zilitokana na daftari. Wangekuwa wanatumia tisa, ningeweka tisa. Na kanuni ya saba imechukuliwa kutoka mahali pengine: George Miller mwaka 1956 aliandika kuhusu vitu mtu anavyoweza kushika kichwani kwa muda mfupi, kama kumsomea orodha ya tarakimu akurudishie. Menyu iko mbele ya macho. Hakuna anayetakiwa kuishika kichwani, anaisoma. Menyu ya mistari 14 iliyogawanywa kwa vistari katika mafungu manne yanayoeleweka, yaani Karo, Alama, Mahudhurio, Wafanyakazi, inasomeka kwa sekunde chache.

Kinachowatesa walimu wako ni ngazi. Kila ngazi unamlazimisha akisie nyuma ya mlango upi kuna ripoti ya karo, na akikosea arudi aanze. Pia kuna shida ya mkono: kwenda kwenye menyu ndogo ya pembeni, mshale unakata kona, unapita juu ya mstari wa chini, na menyu ndogo inajifunga kabla hajafika. Apple walilitatua hilo kwenye Macintosh kwa kuacha pembetatu isiyoonekana kati ya mshale na menyu ndogo. Ukiwa ndani ya pembetatu hiyo, menyu haijifungi. Vifaa vingi tunavyotumia kutengenezea programu havina hiyo pembetatu. Mimi siendi zaidi ya ngazi moja ya pembeni, na nikiweza naiepuka hata hiyo.

---

BintiUnguja — #6

Asalaam aleykum. Nafundisha kompyuta kwa watu wazima hapa Unguja, na nataka kusema juu ya picha na maneno, maana nyinyi mafundi mnajadili vitufe kama vile kila mtu anavijua.

Kwanza picha ya flopi, ile diski ya zamani ya kuhifadhia kazi, inayochorwa kwenye kitufe cha Hifadhi. Wanafunzi wangu wengi hawajapata kuiona flopi kwa macho yao. Niliuliza darasani hiki ni nini, mmoja akasema ni friji, mwengine akasema ni televisheni ya zamani. Lakini wote wanajua ukibofya pale kazi yako haipotei. Hivyo picha yenyewe imekuwa kama herufi, imezoeleka ilivyo. Mtu akija na mchoro wake mpya wa kuhifadhi atawapoteza. Ila kwa picha ambazo programu nyengine hazina, kama zile za kutoa mzigo stoo au kupokea malipo ya deni, picha peke yake haisemi kitu. Andika neno. Kile kijineno kinachotokea ukituliza mshale juu ya kitufe, mwanafunzi hakioni, kwa sababu hathubutu kutuliza mshale juu ya kitu asichokijua. Anaogopa kitaharibu.

Pili, Kiswahili chenyewe. Wengi mnafasiri menyu kwa kuweka "ku" mbele ya kila neno: Kuhifadhi, Kufuta, Kuchapa, Kutafuta, Kufunga. Menyu nzima inaanza kwa herufi mbili zilezile, jicho halina pa kushika. Andikeni Hifadhi, Futa, Chapa, Tafuta. Na muangalie Chapa na Chapisha, wengine mnaweka Chapisha kwa printa, na mtu akisoma anaelewa kutoa kitabu au kutangaza.

Lakini lililo kubwa ni Ghairi. Nimeona programu ya hoteli: unataka kuvunja oda ya mgeni, kinatokea kidirisha "Unataka kughairi oda?" na vitufe viwili, Sawa na Ghairi. Ghairi ipi sasa? Ya kughairi oda au ya kughairi kughairi? Mwanafunzi wangu anayefanya kazi mapokezi alikaa mbele ya kidirisha kile dakika nzima, mgeni amesimama na sanduku lake. Andikeni kitendo juu ya kitufe: "Vunja oda" na "Iache oda". Hapo hata swali halina haja ya kusomwa.

---

Kibodi_ya_Nakuru — #7

Dada wa Unguja, hiyo ya Ghairi imenigusa, nina kidirisha kama hicho na leo kinabadilishwa. Hapo kwa herufi za kwanza pia kuna shida nyingine: ile herufi iliyopigiwa mstari ya kufungua menyu kwa kibodi, ukishika kitufe cha Alt. Kwa Kiswahili Hifadhi na Hariri zinagombania H, Faili na Futa na Funga zinagombania F. Nimekuwa nikiweka mstari chini ya herufi ya katikati, yaani "r" kwa Hariri. Sijui kama ni sawa.

---

FundiWaKirumba — #8

Ni sawa kabisa, ilimradi ikishawekwa ibaki hapo. Watu walioanza kazi ya kutafsiri programu kwa Kiswahili, kama wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walilazimika kuchagua maneno kama Faili, Hariri na Zana ambayo leo tunayaona ya kawaida. Mimi nayafuata kila ninapoweza hata kama nina neno ninalolipenda zaidi, kwa sababu mtu akitoka kwenye programu nyingine kuja kwangu akute Hariri ni ileile.

Dada wa Unguja, wa aleykum salaam. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaogopa kutuliza mshale. Nitaangalia hilo nikirudi dukani. Nyongeza ndogo: maneno ya Kiswahili mara nyingi ni marefu kuliko ya Kiingereza, na kompyuta nyingi za maduka huku ni za pikseli 1366 kwa 768. Ukipanga vitufe vyako kwenye skrini yako kubwa ya kazini, kule dukani vya mwisho vinaangukia nyuma ya vile vishale viwili vya pembeni vinavyoficha vitufe vilivyokosa nafasi. Kwa keshia, kitufe kilichoangukia huko hakipo. Jaribuni kwenye skrini ndogo kabla ya kupeleka.

---

famasi_boy — #9

Mkuu swali. Keshia wangu haruhusiwi kubadilisha bei. Hiyo amri niifiche au niiweke ya kijivu isiyobofyeka? Na wakati ankara ni tupu, Hifadhi niifiche?

---

FundiWaKirumba — #10

Hayo ni mambo mawili. Hifadhi wakati ankara ni tupu iweke ya kijivu, usiifiche. Ukiificha, vitufe vya kulia vinasogea kushoto kujaza pengo, na mkono uliozoea kubofya Chapa unaangukia kingine. Kijivu kinalinda mahali pa kila mmoja. Na ukiweza, mshale ukipita juu ya kijivu andika sababu: "Weka bidhaa kwanza." Kitufe cha kijivu kisichosema sababu kinamfanya mtu adhani programu imeharibika.

Kubadilisha bei ni tofauti. Kama si kazi yake leo wala kesho, usimwonyeshe tangu siku ya kwanza anapoingia kwa jina lake. Hajawahi kukiona, hana cha kukumbuka, na mteja anayechungulia skrini hamwambii "si hapo pa kupunguza bei, nipunguzie."

Jambo lingine: amri itakayouliza kitu kabla ya kufanya kazi, iandike na nukta tatu mwishoni. "Chapa…" inamaanisha nitakuuliza printa ipi, nakala ngapi. "Chapa" bila nukta inamaanisha karatasi inatoka sasa hivi. Ni desturi ya zamani, na keshia akishaizoea anajua wapi abofye bila hofu.

---

MzeeWaLeja — #11

Kijana, hujajibu swali lako mwenyewe. Ulihamishaje bila kuwatesa?

---

FundiWaKirumba — #12

Mzee umenishika. Kwa duka lile nilikosea, nilipeleka vyote kwa mpigo, siku ya Jumatatu, ambayo ndiyo siku yao yenye kazi nyingi. Kwa maduka mengine niliyonayo nimegawa hivi. Kwanza natoa vitufe visivyoguswa, lakini nafasi yake naiacha wazi, hakuna kinachosogea. Naacha mwezi. Kisha naondoa Futa, mahali pake panabaki patupu, ili mkono ukikosea uangukie kwenye hewa. Mwisho kabisa, na jioni baada ya duka kufunga, ndipo nasogeza vilivyobaki na kuviongeza ukubwa. Hifadhi haihami katika hatua zote tatu. Nimeanza na famasi mbili wiki iliyopita, bado wako hatua ya kwanza.

---

Kibodi_ya_Nakuru — #13

Nimeziweka ripoti zote 14 kwa menyu moja, mafungu manne, ripoti ya karo ya kwanza. Nitaituma shuleni wakati wa likizo. Je, nipange kwa alfabeti ndani ya kila fungu?

---

FundiWaKirumba — #14

Hapana, panga kwa kazi inavyofuatana: karo iliyolipwa, halafu wadaiwa, halafu muhtasari wa muhula. Alfabeti itavurugika siku ukiongeza ripoti mpya inayoanza na A, kila kitu kitashuka mstari mmoja. Mpya ziwekwe chini ya fungu lake. Tuma picha ya skrini tuione kabla hujapeleka, na kama unaweza, kaa nyuma ya mwalimu mkuu mmoja siku anapofunga muhula.